Waliozikwa Nje ya Uzio

Jumanne, siku ambayo baridi ya mwaka huu ilianza kuingia Maskati, nilimpoteza dada yangu Mwanahawa binti Khalfan. Alizikwa alasiri. Mimi ni mdogo wake, Zeyana, baba mmoja mama mbalimbali. Nimeliandika jina lake pamoja na la baba yetu hapa mwanzo kwa makusudi, kwa sababu siku aliyokufa hakuna aliyeyataja pamoja ila mimi, na mimi niliyataja ndani ya chumba cha kuoshea maiti, ambamo hamkuwa na wa kwetu wa kuniitikia.

Mwanangu, mimi si mtu wa kuandika. Nilisoma Kurani chuoni, nikasoma madarasa machache ya skuli Unguja, kisha yakatokea yaliyotokea tukaondoka. Nnaandika kwa sababu nna hasira, na mtu mzima asipozitoa hasira zake humla maini. Wewe msomaji wa vitabu, hasa vile vinavyotoka Marekani vinavyoeleza habari za weupe na weusi wa huko, kaa kitako. Maneno haya ni yako kabla ya kuwa ya mtu mwengine.

Iko siku moja ambayo haijapata kunitoka moyoni. Ilikuwa Matrah, hapa hapa Maskati, miaka ile ya mwanzo tulipofika, tumepanga nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. Unguja watu walituita Waarabu, wengine kwa heshima na wengine kwa chuki, na sisi tukaitikia. Tulipofika kwa hao Waarabu wenyewe, wakatuita Wazinjibari. Nikicheka na Mwanahawa, Hawa wetu, sokoni kwa Kiswahili, watu wanageuka kututazama. Jirani mmoja, mama wa makamo, alinishika nywele akazivuta kidogo, akauliza kama ni zangu. Nilikwenda nyumbani nikazifunga mtandio mpaka kichwa kikauma.

Mtu aliyedharauliwa hutafuta wa kumdharau naye. Hiyo si methali ya wazee, nimeiona kwa macho yangu.

Dada yangu Hawa alikuwa mtoto wa mke wa kwanza wa baba, mtu wa Tabora, Mnyamwezi. Baba alimwoa kwa mahari na mashahidi kama alivyomwoa mama yangu baadaye. Mama yule alifariki Hawa bado anatambaa, na mama yangu akamlea. Hawa alikuwa mweusi wa kung'ara, ana pua ya baba, cheko la baba, na ule mwendo wa baba wa kutanguliza bega. Mimi na ndugu yangu Seif tulitoka weupe. Tofauti yetu ilikuwa hiyo tu, na hiyo ndiyo iliyotula.

Basi wakaja watu kuniposa. Watu wa hapa hapa, wenye jina, na walitanguliza wanawake waje kunitazama. Shangazi yangu alifurahi mpaka akaazima mazulia. Alipoona wageni wanaingia uchochoroni, akamshika Hawa mkono akampeleka jikoni, akamwambia, "Wewe kaa humu uangalie sufuria, usitoke mpaka waondoke." Hawa akaingia. Jikoni hapakuwa na sufuria motoni.

Baba akarudi kutoka dukani. Akapita uani, akamkuta Hawa amekaa juu ya kinu kilicholazwa, mikono mapajani. Akauliza, "Mbona uko huku na wageni wako kule?" Shangazi akatoka mbio, akamnong'oneza baba mambo mengi ambayo mimi niliyasikia yote kwa sababu ukuta ulikuwa wa udongo. Kwamba watu hawa wanauliza sana. Kwamba sisi wenyewe hapa tunatazamwa kwa jicho la pembeni, tusijitie kidole jichoni.

Baba akamsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akampa Hawa dele la kahawa, akamshika bega akaja naye mpaka kwenye pazia la chumba cha wanawake. Yeye akabaki nje ya pazia, ameupa mlango mgongo kama adabu inavyotaka, na akasema kwa Kiarabu, sauti ya kawaida kabisa, "Huyo anayewaletea kahawa ni Mwanahawa, binti yangu mkubwa. Anayemtaka mdogo kwanza amsalimie mkubwa."

Unajua desturi ya kahawa hapa. Mgeni akitosheka hukitikisa kikombe, na mwenye nyumba hammiminii tena. Wale wanawake walikunywa funda moja, wakavitikisa vikombe vyao, wakauliza habari za mvua, wakaondoka. Hawakurudi.

Nikalia. Nilikuwa msichana, nilitaka kuolewa na watu wenye jina ili nisivutwe tena nywele. Nikamwambia baba ameniharibia. Baba hakunipiga wala hakupandisha sauti. Alikuwa anakuna nazi siku ile, mama alikuwa mgonjwa, na hakuacha kukuna. Akasema, "Wale waliokwenda zao wamekupunguzia safari. Ungefika kwao ndipo ungejua ilivyo ndefu." Akakuna, akakuna. Kisha akasema, "Mwacha asili ni mtumwa, Zeyana. Hatukukimbia kote kule tukaja hapa ili tuwe watumwa."

Wakati ule niliona maneno magumu ya mzee mkaidi. Baadaye akaja Salum, muuza vipuri vya magari kule Wattaya, na mama yake alipoingia nyumbani kwetu kitu cha kwanza alichofanya ni kumshika Hawa mkono na kumuuliza afya yake. Nikaolewa kwao. Nimekaa na Salum mpaka Mungu alipomchukua, na sikumbuki siku niliyoona haya mbele ya watu wake.

Baba alipofariki, aliyebaki kichwa cha nyumba ni Seif. Seif alisoma, akapata kazi wizarani, akajenga nyumba kubwa Al Khuwair. Hawa alikuwa ameolewa akafiwa na mume bila ya kupata mtoto, na Seif akamchukua kwake. Wema huo nausema, kwa sababu ni kweli. Hawa akamlelea watoto wote, kisha akamlea na mjukuu, Asila, ambaye mama yake alifariki akimzaa. Undugu ni kufaana si kufanana, wanasema. Hawa alitufaa, na kufanana alifanana. Msichana wa kazi wa pale kwa Seif, Nakato, mtoto wa Kiganda, aliniambia wiki yake ya kwanza, "Mama, huyu bibi na Baba Seif ni sura moja. Sasa mbona anakula na mimi jikoni?" Mgeni wa wiki moja alikwishaona.

Mabinti wa Seif walipofika umri wa kuposwa, watu wakaja na maswali yao yale yale. Hapa watu huulizia ukoo kabla ya kuulizia tabia. Siku moja nilikuwapo, na nikamsikia Seif akiwajibu waliomuulizia Hawa, "Huyu mlezi wetu, tulikuja naye kutoka Unguja." Alisema taratibu, kama mtu anayetaja bei ya kitu.

Nilikwenda jikoni. Hawa alikuwa akichagua mchele kwenye ungo. Nikamwambia, "Umesikia alichosema nduguyo?"

"Nimesikia," akasema. "Mara ya tatu hii."

"Nnakwenda kuwaambia."

Akaweka ungo chini. "Hwendi. Niapie, Zeyana. Maadamu nnaishi hutosema. Wasichana hawana kosa, waache waolewe. Miye nshapita."

"Na ukifa?"

Akacheka lile cheko la baba. "Nikifa nitakuwa sina tena wa kumwonea haya. Fanya utakalo."

Niliapa. Nilikasirika na kuapa kwangu, na nilikasirika na yeye aliyeniapisha, lakini kiapo ni kiapo. Nikawa nakwenda kila Ijumaa kula naye, mimi na yeye na Nakato, jikoni, na Seif akawa haniulizi kwa nini siji kula mezani.

Sasa nifike kwenye vitabu.

Asila alipelekwa kusoma Marekani. Akarudi na sanduku zima la vitabu, na akaanza kuwakusanya wenzake, wasichana wa Al Khuwair na kwengineko waliosoma, wakawa wanakaa ghorofani Jumamosi kusoma na kuzungumza. Vitabu vyenyewe vilikuwa vya habari za huko: baba mweupe aliyewazaa weusi akawakataa, mtoto aliyetoka mweupe akahama mji ili asijulikane mama yake, ndugu wa damu wasiosalimiana barabarani. Sivitukani. Asila alinisimulia kimoja kimoja, na mwanangu, ni kweli tupu. Waliovitunga wamejitumbua vidonda vyao hadharani ili watu waone usaha. Hiyo ni kazi ya watu jasiri.

Hawa ndiye aliyekuwa akiwapandishia kahawa na kaimati. Ngazi zilikuwa zinamsumbua magoti. Jumamosi moja nilikuwapo, na Asila akamwambia, "Ma Hawa, usiondoke. Kaa usikilize hii." Nitasema haki: Asila alimpenda yule mwanamke kuliko mtu yeyote duniani. Hawa akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, sinia tupu mapajani.

Asila akaeleza habari ya kitabu walichokuwa nacho. Ilikuwa ni familia moja ya mashambani huko. Mzee mwenye shamba alikuwa na watoto wa mkewe, na alikuwa na watoto wengine aliowazaa na mtumwa wa nyumba. Wote walicheza uwanja mmoja. Lakini makaburi ya familia yalikuwa na uzio wa chuma, watoto wa mke wakizikwa ndani na wale wengine nje, chini ya majani, bila ya jiwe. Na wajukuu wa siku hizi, weupe na weusi, walikuwa wamekutana kwenye uzio huo kila upande umeshika chuma.

Msichana mmoja akaanza kulia. Wengine wakamshika mkono. Mmoja akasema kwa Kiarabu kwamba hawezi kufahamu watu gani wanaweza kumfanyia hivyo damu yao wenyewe.

Hawa akauliza, "Na hao waliozikwa nje, nani aliwakalia azaa?"

Azaa, kwa asiyejua, ndiko kukaa msiba: ndugu wa marehemu hukaa siku tatu, wanaume mahali pao na wanawake mahali pao, na watu huja kuwapa mkono wa pole. Anayepewa mkono ndiye mwenye maiti. Ndivyo watu wote hujua nani ni wa nani.

Asila akapekua kitabu. "Hakisemi, Ma Hawa."

"Basi hakijesha hicho kitabu," Hawa akasema, na akainuka na sinia lake, kwa sababu Seif alikuwa anaita chini kwamba kuna wageni wanataka maji.

Wale wasichana walicheka kwa mapenzi. Walisema Ma Hawa ana maneno. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, ulimi nimeuuma, kiapo kimenikaba. Nyani haoni kundule, mwanangu. Walikuwa wanalilia uzio wa ng'ambo ya bahari, na aliyezikwa nje ya uzio amewapandishia kaimati.

Akaugua, hakukaa sana. Jumanne asubuhi akafa.

Seif akataka kuleta mwosha wa kukodi. Nikamwambia dada yangu nitamwosha mimi. Nikaenda na mama mmoja mjuzi wa kazi hiyo, tukamwosha. Siri ya maiti aijuaye mwosha, wanasema, lakini mwili ule haukuwa na siri yoyote. Ulikuwa mwili wa baba yangu katika umbo la mwanamke. Hata vidole vidogo vya miguu viliinama kama vya baba, kama vya Seif, kama vyangu nilivyovitazama ndani ya kandambili wakati maji yanapita. Ndipo nilipolitaja jina lake pamoja na la baba.

Nilipotoka nikavaa miwani nikafungua simu. Tangazo lilikuwa limeshatumwa kwa watu wote wa kwetu, hapa na Unguja na Dubai. Aliyeliandika ni Asila. Liliandikwa vizuri sana. Lilisema ametutoka mlezi wetu mpendwa, Mama Hawa, aliyekuja na familia yetu kutoka Zanzibar, akatulea kwa mapenzi yasiyo mfano. Na chini yake: familia haitokaa azaa.

Mlezi wetu. Nilisoma mpaka herufi zikacheza. Asila hakujua, naye aliandika alichoambiwa. Lakini alikuwa na macho, na alikuwa na vitabu sanduku zima, na amelelewa mgongoni mwa mwanamke mwenye sura ya babu yake. Vitabu vilimfundisha kuuliza kila swali la watu wengine.

Nikachukua teksi mpaka Al Khuwair. Sikumwambia mtu kitu. Nikaingia chumba cha wageni cha wanawake, nikakaa kwenye mito ya ukutani mkabala na mlango, pale anapokaa aliyefiwa, na nikamwambia Nakato ateleke kahawa. Nakato alikuwa amevimba macho. Akauliza, "Mama, wamesema hakuna watu watakuja."

"Mimi nimeshakuja," nikamwambia. "Teleka."

Watu wakaja. Majirani, wanawake wa Kiunguja ambao Hawa aliwakanda vichanga vyao, hata wale wasichana wa vitabu. Kila aliyeingia akitafuta wa kumpa mkono, mimi nilikuwa nimeshaunyoosha wangu. Wazee wa Kiunguja walinishika mkono kwa muda na hawakusema kitu. Walijua siku zote. Kunyamaza kwao nako nna hasira nako, lakini hao watajibu wenyewe wanakokwenda.

Siku ya pili akaja mama wa mchumba. Nimesahau kukueleza: Asila alikuwa anaposwa. Kijana mwenyewe ni mwema, wamefahamiana huko huko kwenye masomo, na watu wake wana jina kubwa. Walikuwa waje rasmi Alkhamisi. Mama yule aliingia na uturi wake, akatoa pole kwa Kiarabu, Ahsana Allahu azaakum, na kwa adabu tu, kwa sababu ndivyo watu wanavyouliza, akaniuliza marehemu alikuwa nani kwetu.

Asila alikuwa amesimama na dele la kahawa mkononi.

"Ukhti," nikasema. Dada yangu. Na ili pasibaki pa kujificha, nikaongeza, "Mtoto wa baba yangu. Mkubwa wetu sote, mimi na Seif."

Yule mama akamtazama Asila, Asila akanitazama mimi. Kisha mama akakinywa kikombe chake nusu, akakitikisa. Akaomba dua fupi, nzuri, akaondoka. Mwanangu, nilikisikia kile kikombe kama ninavyovisikia vya Matrah.

Haukupita muda Seif akasimama nje ya mlango wa wanawake. Akaita, "Zeyana. Umemwambia nini yule mama?"

"Nimejibu alichoniuliza."

"Alkhamisi wanakuja kuposa."

"Basi wajue wanaposa kwa nani."

"Miaka yote umekaa kimya," akasema, na sauti ikamkatika, kwa sababu naye alikuwa amelia, nilimwona asubuhi akijipangusa kwa ncha ya kilemba. "Miaka yote. Leo ndio unapata ulimi, leo mtoto anaposwa?"

"Mwenyewe aliniapisha maadamu yu hai. Mwenyewe mmeshamfukia."

"Mimi nimemweka nyumbani kwangu. Nimemhijisha. Nani alimpeleka hospitali kila wiki, wewe?"

"Wewe. Sikukatalii. Ulimpenda, Seif. Ulimpenda jikoni."

Akasema polepole, "Wewe uliolewa na muuza vipuri. Hujui watu wanauliza nini."

"Nnajua wanauliza nini. Na baba aliwajibu, akiwa mpangaji wa vyumba viwili. Wewe una nyumba ya ghorofa umeshindwa."

Akaondoka kwa hatua nzito, na Asila bado amesimama na dele mkononi, kahawa inapoa.

Sasa nasaha yangu, niseme nipumzike.

Mwanangu, soma vitabu. Vya Marekani soma, vya kwengine soma, mimi sina ugomvi na karatasi. Lakini ukifika mahali pa kulia, kabla chozi halijaanguka, inua uso utazame nani aliyekuletea kahawa. Muulize jina lake na la babake. Muulize kwa nini hali mezani. Huruma ya mbali haina gharama. Unaweza kuwalilia watu wa ng'ambo usiku kucha na hakuna atakayekuvunjia posa. Ya nyumbani ndiyo yenye bei, na ndiyo maana watu huikimbilia ya mbali. Usiseme, "Wale watu wana roho gani." Wana roho kama yako. Walikuwa na binti wa kuozwa, na jirani wa kuogopwa, na mtu mmoja mweusi mwenye sura ya babu yao, na wakaona rahisi kujenga uzio. Sisi hatuna hata haja ya chuma. Sisi twajenga kwa neno moja, "mlezi," na tunalisema kwa mapenzi.

Na yule atakayekuja kukuposa au kukuozesha, akikitikisa kikombe kwa sababu ya dada yako, mfungulie mlango vizuri. Amekupunguzia safari. Maneno hayo si yangu, ni ya mkuna nazi mmoja wa Matrah, ambaye nilimlilia ukaidi wake na leo naulilia. Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Ukimkana mzaliwa nawe, utakufa na nani?

Nawe uliyekanwa, uliyeko jikoni mwa mtu sasa hivi: usimwapishe mtu anyamaze kwa ajili yako. Dada yangu, Mungu amrehemu, alikosea hapo tu. Alidhani anawalinda wale watoto. Aliwalinda na nini? Na yeye mwenyewe.

Nimalizie kwa yaliyotokea, nisije nikaonekana natia chumvi.

Siku ya tatu, ndiyo Alkhamisi yenyewe, baada ya adhuhuri, watu walikuwa wamepungua. Wasichana wa vitabu walikuwa wamekaa upande mmoja, hawajui mikono yao waiweke wapi. Kwa kijana na watu wake palikuwa kimya. Seif alikuwa ghorofani, amefunga mlango. Asila akaingia. Hakuwa amelala, macho yalimwonyesha. Akaja mpaka kwenye mito ya ukutani akakaa kando yangu, upande wa kushoto, pale anapokaa aliyefiwa. Mama mmoja aliyekuwa akiingia akasita, kisha akanipa mkono mimi, akampa na yeye.

Alipotoka, Asila akaniuliza, "Bibi, ni kweli Ma Hawa aliuliza nani aliwakalia azaa?"

"Ulikuwapo."

"Nilikuwapo," akasema. "Nikacheka."

Sikumwambia hapana. Sikumpa maneno ya kumpoza. Nilikuwa bado nna hasira, naye alizistahili kidogo, na aliyestahili usimnyang'anye.

Akatoa simu. Akafuta, akaandika, akafuta. Kisha akanisomea kwa sauti, na wenzake wakasikia: "Nasahihisha nilichoandika. Aliyefariki ni bibi yangu, Mwanahawa binti Khalfan, dada wa babu yangu Seif, mkubwa wa watoto wa baba yao. Mimi na Bibi Zeyana tunamkalia azaa hapa Al Khuwair."

"Jina la baba umeliandika sawa?" nikamuuliza. Akanionyesha. Lilikuwa sawa.

Akatuma. Haukupita muda simu ikaanza kulia. Jina lililotokea lilikuwa la kijana. Ikalia mpaka ikanyamaza, ikalia tena. Ghorofani mlango ukafunguka, nikasikia viatu vya Seif juu ya ngazi, vinateremka, vinasimama katikati. Asila akaigeuza simu uso chini juu ya zulia.

Nikamwekea mkono kichwani. Nikamwombea kwa sauti ile aliyoniombea baba siku niliyoolewa: Mungu akupe watu usiowaonea haya, nawe akupe uso wa kutowakana, na siku yako ikifika wasikosekane wa kukukalia. Wale wasichana wakaitikia amina.

Kisha akaniuliza, "Na mama yake Ma Hawa, aliitwa nani?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo tangu tulipoondoka Unguja.

"Kalunde," nikamwambia. "Kalunde binti Mihambo, mtu wa Tabora."

Akalisema. Halikumkaa vizuri mdomoni. Akalisema tena.